Kung'aa si kumulika: moto wa kompyuta na mlima wa Goma

Mtu aliyelala Goma wakati Nyiragongo ina ziwa lake la moto anaujua ule wekundu wa usiku juu ya mlima. Mgeni husema: "Naiona lava." Kumbe haioni. Lava iko chini, ndani ya shimo la mlima, na ukuta wa shimo umeificha. Anachokiona ni moshi na mvuke unaopanda kutoka shimoni, ukiwa umemulikwa kutoka chini. Moto wenyewe haufiki machoni pa mtu wa mjini. Mwanga wake ndio unaofika, karibu kilometa 20, kwa sababu umepata kitu cha kugusa.

Jambo hili, ambalo kila mtoto wa Goma amelizoea, ndilo linalowasumbua wengi wanaotengeneza picha za moto kwa kompyuta. Kiswahili kimelitenganisha kwa maneno mawili: kung'aa na kumulika. Macho ya paka yanang'aa gizani, lakini paka hammulikii mtu njia. Buji moja ndogo inamulika nyumba nzima. Kwenye kompyuta kung'aa ni rahisi, ni kazi ya dakika chache. Kumulika ni kazi nzito. Na kwa watu wanaoishi chini ya mlima huu, pamoja na familia zilizokimbia vita zikaja kulala juu ya mawe yake, tofauti hiyo si mambo ya wasanii peke yao. Picha ya mlima unaowaka inaweza kuamsha mtaa mzima usiku.

Kijana mmoja wa upande wa kaskazini ya Goma amekaa na jambo hili karibu mwaka mzima. Alitaka kutengeneza filamu fupi ya kuchora, dakika mbili tu, ya kuwaonyesha watoto cha kufanya mlima ukiamka: nani ashike mkono wa nani, njia ipi ifuatwe, kitu gani kisiguswe. Hakuwa na mashindano ya kuipeleka. Alitaka ionyeshwe kwenye shuka, katika nyua za nyumba ambamo familia zilizokimbia vijiji vyao zimepokelewa. Watoto wengi wa familia hizo wametoka Masisi na Rutshuru, na hawakuwa mjini siku lava iliposhuka.

Sababu yake ni ya Mei 2021. Jioni ya Jumamosi tarehe 22, mlima ulipasuka ubavuni, lava ikashuka mpaka Buhene, mlangoni mwa mji. Watu zaidi ya 30 walikufa. Siku iliyofuata UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 wametengana na familia zao. Tarehe 27, ardhi ikiwa bado inatetemeka, viongozi waliamuru mitaa kumi ya Goma ihame. Mamia ya maelfu ya watu wakaingia barabarani: wengine Sake, wengine Rutshuru, wengine kwa mashua kuelekea Minova na Bukavu, wengine wakavuka mpaka na kuingia Rwanda. Kijana huyu alikuwa kwenye barabara ya Sake. Anachokikumbuka zaidi si moto. Ni sauti za wazazi wakiita majina.

Chombo chake cha kazi ni laptopu iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika. Betri yake imekufa. Umeme ukikatika, nayo inazimika. Programu anayotumia ni Blender, na ni ya bure. Ubure huo una historia yake. Mwaka 2002 kampuni iliyokuwa na Blender ilifungwa. Mwenye kuianzisha programu, Mholanzi Ton Roosendaal, akawaomba watumiaji wa intaneti wachange euro 100,000 ili iachiliwe kwa wote. Pesa zilipatikana kwa wiki saba, na Oktoba 2002 Blender ikafunguliwa kwa kila mtu mwenye kompyuta.

Ni mwaka ule ule ambao lava ilipita katikati ya Goma. Tarehe 17 Januari 2002 ilishuka ikakata mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaacha watu zaidi ya 100,000 bila nyumba. Mama wa kijana alikimbia siku ile na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye leo anayechora lava.

Kazi yenyewe inafanana na ya fundi wa cherehani. Kwanza kompyuta hujenga umbo la kitu kwa vipande vidogo vya pembe tatu vilivyoungana, kama kikapu kilichofumwa bila rangi. Kisha umbo hilo huvikwa picha bapa, kama fundi anavyochukua kitenge kilichonyooka mezani na kukikata mpaka kikae vizuri mabegani na kiunoni. Picha hiyo ya kuvika inaitwa tekscha. Wazo la kuvika picha juu ya umbo lilielezwa na Edwin Catmull mwaka 1974, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Utah, Marekani. Baadaye akawa mmoja wa waanzilishi wa Pixar.

Tekscha ya kawaida inasubiri taa. Weka jiwe ndani ya chumba cha kompyuta kisicho na taa: litakuwa jeusi, hata kama picha uliyolivika ni nyekundu. Kompyuta inazidisha rangi ya picha kwa kiasi cha mwanga unaolifikia jiwe. Mwanga ukiwa sifuri, jibu ni sifuri.

Tekscha ya kung'aa haifuati sheria hiyo. Ni kitenge cha pili, kinachovikwa juu ya kile cha kwanza. Penye weusi hakiongezi kitu. Penye rangi, kompyuta inaongeza rangi ile juu ya jibu lake, bila kuuliza kama kuna taa ama hakuna. Madirisha ya nyumba usiku, namba za saa ya ukutani, macho ya zimwi, mipasuko ya lava: vyote hutengenezwa hivyo. Sehemu kubwa inaachwa nyeusi, na mistari michache inapakwa rangi.

Kwa upande wa mawe, kijana hakuhangaika. Goma imejengwa kwa lava ya zamani: kuta, nyua, hata barabara. Watu waliowahi kulala Kanyaruchinya wanayajua mawe yale kwa migongo yao. Aliupiga picha ukuta wa nyumba yao asubuhi ya mawingu, ili picha isiwe na vivuli. Akatengeneza nakala yake, akaipaka weusi wote, kisha akafuata mipasuko kati ya jiwe na jiwe kwa rangi ya machungwa. Ikachukua siku mbili. Akaivika juu ya kilima chake cha kompyuta, akazima taa zote, na mipasuko ikawaka. Chini ya kilima aliweka msichana wa miaka kama kumi na miwili, amebeba mdogo wake mgongoni.

Akamwita mama yake aje kuona. Mama alikuwa uani akipuliza mbabula. Akaja, akapangusa mikono, akainama mbele ya kioo.

"Mtoto wangu, hii ni nini?"

"Ni lava, Mama. Inashuka."

"Hii iko Fanta."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akatazama tena. "Sisi tulipokimbia, giza lilikuwa linaingia. Nilikuwa naiona sura ya dada yangu, nyekundu. Mabati, mekundu. Migomba ya watu, myekundu. Wewe umewasha moto mkubwa hivi, na huyu msichana aliye karibu nao bado yuko gizani kama hakuna kitu." Akaonyesha kwa mkono kupitia mlango ulio wazi. Uani, mdogo wa kijana alikuwa amechuchumaa karibu na mbabula. "Tazama uso wa mdogo wako. Makala ni machache, lakini yamemfikia."

Mama huyo hajawahi kushika laptopu. Lakini alichosema ndicho wahandisi wa picha walichokaa nacho miaka mingi.

Mwaka 1996 ulitoka mchezo wa kompyuta uitwao Quake. Ulikuwa na rangi 256 tu, na 32 za mwisho ziliwekwa zisitiishwe na giza: hata mahali penye kivuli zilibaki na nguvu yake yote. Lava ya mchezo ule nayo haikuhesabiwa kivuli wala mwanga. Iling'aa mchana na usiku kwa namna moja. Lakini ukuta uliokuwa kando yake haukupata kitu. Waliotaka ukuta umulikwe walilazimika kuweka taa kwa mkono, moja moja, pembeni ya lava, kisha wakamwachia mchezaji aamini kwamba mwanga umetoka kwenye lava.

Baadaye zikaja mbinu nyingine. Mojawapo ni kuongeza ukungu wa mwanga. Kompyuta inachukua sehemu za picha zilizo na mwanga mkali, inazifanya zitawanyike kama wino kwenye karatasi yenye maji, kisha inazirudisha juu ya picha ile ile. Kila kinachong'aa kinapata duara laini kukizunguka, kama taa ya pikipiki inavyoonekana wakati wa mvua. Jicho linadanganyika haraka, kwa kuwa hata jicho la kweli huona hivyo mbele ya mwanga mkali. Kijana aliijaribu, na lava yake ikapendeza zaidi. Lakini ukungu huo umepakwa juu ya picha iliyokwisha, kama vumbi juu ya kioo. Haujui mahali msichana aliposimama, wala kwamba ana uso upande wa moto na mgongo upande wa giza.

Mwaka 1986 James Kajiya alitoa hesabu moja ambayo mafundi wa picha wanaifuata hadi leo. Kwa maneno ya nyumbani inasema hivi: mwanga unaotoka mahali fulani kuja jichoni ni ule ambao mahali hapo panautoa penyewe, pamoja na ule uliotoka kwa vitu vingine vyote ukaangukia hapo na kuruka. Sehemu ya kwanza ni tekscha ya kung'aa. Hiyo haina ugumu. Ugumu uko katika sehemu ya pili, kwani kila jirani naye ana majirani zake. Lava inamulika jiwe, jiwe linamulika kiatu, kiatu kinarudisha kidogo kwenye jiwe. Kompyuta haiwezi kufuata yote. Inachagua njia chache kwa kubahatisha, inazifuata, inapiga wastani. Njia zikiwa chache, picha inajaa chembechembe kama unga uliomwagika. Zikiwa nyingi, picha inasafika, lakini saa zinakwenda.

Hata sinema zenye pesa zimepitia hapo. Filamu ya Tron ya mwaka 1982 ilionyesha watu wenye mistari ya mwanga kwenye nguo zao. Mistari ile haikuwa ikiwaka. Waigizaji walipigwa picha nyeusi na nyeupe, kisha kila picha ikapitishiwa mwanga kwa nyuma ili mistari ing'ae. Mwaka 2010 ilipotoka Tron: Legacy, waigizaji walivalishwa nguo zenye taa za kweli ndani yake. Kompyuta zilikuwa zimekwisha kuwa na nguvu sana. Lakini taa ya kweli inamulika kidevu, shingo na ukuta wa pembeni bila kuombwa na mtu.

Blender inampa mtu njia mbili. Ya haraka, Eevee, iliingia mwaka 2019. Picha inatoka kwa sekunde chache, lakini katika toleo alilo nalo kijana, tekscha ya kung'aa haimuliki jirani yake peke yake. Ya polepole, Cycles, ipo tangu 2011. Hiyo hufuata mwanga kutoka kitu kimoja hadi kingine. Kijana alipiga hesabu. Sekunde moja ya filamu ni picha 24. Sehemu ya msichana anayekimbia ina sekunde 40, maana yake picha 960. Kwa laptopu yake kila picha ya polepole ilichukua dakika tatu. Hizo ni saa 48 za umeme usiokatika, na Goma haitoi saa 48 za namna hiyo.

Akagawa kazi. Sehemu zinazoonyesha mlima kwa mbali alizifanya kwa njia ya haraka, akificha taa nyekundu nyuma ya mawe, akiziweka kwa mkono kama walivyoweka taa zao wa Quake. Sekunde 40 za msichana akazipeleka kwa njia ya polepole, kila picha ikihifadhiwa peke yake, ili umeme ukikatika apoteze picha moja na si zote. Ilichukua siku tisa. Usiku aliamka kuangalia kama taa ya jirani inawaka, kisha akawasha laptopu na kuendelea kutoka namba aliyoachia.

Mama aliitwa tena. Safari hii uso wa msichana ulikuwa na upande mmoja mwekundu, kichwa cha mtoto aliyebebwa kilikuwa na mstari wa mwanga pembeni, na bati la nyumba ya nyuma lilishika wekundu kidogo. Alitazama mpaka mwisho bila kusema. Kisha akauliza: "Na hii sehemu nyeusi, wanapita juu yake?"

Swali hilo lilizaa kazi mpya. Lava ya Nyiragongo ikitoka ina joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Ikiwa mbichi inaelekea manjano. Ikipoa inakuwa ya machungwa, kisha nyekundu, kisha nyekundu ya giza. Mwisho inafunga ganda jeusi. Ndiyo maana rangi moja ya machungwa kila mahali iliifanya lava ya kwanza ionekane kama soda iliyomwagika. Kijana alikwisha kuirekebisha: katikati ya mpasuko njano, pembeni nyekundu, mbali zaidi weusi. Lakini kwenye tekscha ya kung'aa weusi maana yake ni sifuri, hakuna kitu. Kwenye mlima weusi hauna maana hiyo. Ganda limezima mwanga, joto na gesi bado vipo chini yake. Mei 2021 wapo watu waliokufa kwa kukosa hewa walipojaribu kuvuka lava iliyoonekana kupoa, kaskazini ya mji. Walikuwa wakipita mahali ambapo hapakuwa tena na moto wa kuonekana.

Kwa hiyo akaongeza sehemu ambayo ndani yake msichana anafika mbele ya mawe meusi, anasimama, anarudi, anazunguka. Hakuna kinachong'aa pale. Alichoweka ni hewa inayocheza juu ya mawe, kama ile inayoonekana juu ya mbabula baada ya miali kuzimika, na jani la mgomba lililoangukia ganda likajikunja. Mtoto anayetazama anaelewa kabla ya kuambiwa.

Halafu ikabaki mazuku. Familia zilizokaa upande wa magharibi ya mji, kuelekea Bulengo na Sake, zinaijua vizuri kuliko wenyeji wengine. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inakusanyika kwenye mabonde madogo na mashimo, hasa usiku na asubuhi mapema kabla upepo na jua havijaitawanya. Haina rangi wala moshi. Mbuzi anashuka kunywa maji na hapandi tena; mtoto mdogo anafikiwa kabla ya mtu mzima, kwa sababu pua yake iko karibu na ardhi. Kwa fundi wa kung'arisha vitu, huu ndio mtihani: hatari kubwa isiyotoa hata punje ya mwanga. Wapo waliomshauri aipake rangi ya kijani inayong'aa, kama sumu za kwenye michezo. Alikataa. Mtoto akifundishwa kwamba mazuku ina rangi ya kijani, ataingia shimoni akiona hakuna kijani.

Akaionyesha kwa buji. Kwenye filamu mtu mzima anafunga buji kwenye mti mrefu na kuishusha taratibu shimoni. Inamulika ukuta wa shimo, majani, mawe, yote yaliyo karibu. Ikifika chini inafifia, na kila kilichomulikwa kinafifia pamoja nayo, mpaka inazimika bila upepo wowote. Sekunde saba. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya filamu ambayo mwanga unafundisha kwa kuondoka. Kijana anasisitiza kwamba filamu haimwambii mtoto ajaribu mwenyewe; inamwambia asishuke, na amwite mkubwa.

Kuna upande mwingine wa ufundi huu, nao unawahusu hata wasiochora. Kinachomsaidia mtu kutengeneza moto wa kuaminika kinamsaidia pia mtu mwenye nia mbaya, au anayetaka tu picha yake itazamwe na wengi. Mlima unapotetemeka kidogo, telefoni zinajaa video. Nyingine ni za zamani, nyingine ni za milima ya nchi za mbali, nyingine zimechorwa. Mtu aliyekwisha kukimbia mara tatu katika maisha yake hasubiri kuchunguza. Anabeba watoto, anatoka. Na katika kutoka huko, usiku, ndimo watoto wanamopotea.

Jicho la mama yule linaweza kuwafaa wengi. Ukipokea picha ya moto, acha kutazama moto kwanza. Tazama majirani wa moto. Je, moshi ulio juu yake umemulikwa kutoka chini, au ni wa kijivu kama wa mchana? Mabati yameshika wekundu? Nyuso za watu zina upande wa mwanga na upande wa giza, na upande wa mwanga ndio ulio kuelekea moto? Kama Ziwa Kivu linaonekana na moto uko ukingoni, maji yana mstari wa wekundu? Lava ina rangi moja kila mahali, au inaelekea njano penye joto na nyekundu penye kupoa? Moto usiomulika mtu yeyote una walakini.

Lakini kipimo hicho kina mpaka wake. Picha ikishindwa, una sababu ya kutoiamini. Ikishinda, bado huna sababu ya kuiamini. Kijana mwenyewe, kwa laptopu ya betri iliyokufa, ameweza kumulika uso wa msichana ambaye hajawahi kuwepo. Mwenye mashine kubwa atafanya zaidi. Na picha ya kweli kabisa inaweza kuwa ya mwaka mwingine. Kwa hiyo maswali ya zamani ya redio bado yanafanya kazi: imepigwa wapi, lini, na nani, na nani mwingine ameona? Kwa mlima wetu kuna jambo moja zaidi. Wataalamu wa kituo cha kuchunguza volkano cha Goma wana rangi zao nne za hali ya mlima: kijani, njano, machungwa na nyekundu. Familia iliyofika mjini jana inafaa kuzijua rangi hizo kabla ya kujua njia ya sokoni, na kumwuliza mkuu wa mtaa siku hiyo ni rangi gani. Rangi ile haing'ai kwenye telefoni, lakini kuna mtu anayeijibia.

Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza Jumapili jioni, kwenye shuka lililofungwa kati ya ukuta na mti wa parachichi, kwa projekta ya kuazima. Walikuwa watoto kama thelathini na mama kadhaa. Watoto walinyamaza kwenye ganda jeusi na walinyamaza zaidi kwenye buji. Hakuna aliyesema lolote juu ya lava, ambayo ilikuwa imekula miezi.

Ilipoisha, kijana aliuliza kama kuna mwenye swali. Msichana mmoja, aliyekuja na shangazi yake kutoka upande wa Masisi, alinyosha mkono.

"Yaya, yule aliyebeba mdogo wake, walifika?"

Hakuwa amechora hilo. Filamu ilikuwa inaishia barabarani, msichana akitembea, mlima nyuma yake. Aliangalia upande wa mama yake, naye mama akamwangalia tu.

"Walifika," alisema.

"Mbona hatukuona?"

Wiki ile alirudi kwenye laptopu. Sekunde sita, picha 144, dakika tatu kila moja. Kilima akakiondoa, na tekscha ya lava iliyomchukua siku mbili akaizima. Alihitaji kitu kimoja tu cha kung'aa, kidogo, cha rangi ya njano. Umeme ulikatika mara mbili. Picha ya mwisho ilitoka saa kumi na moja alfajiri: mlango wazi, mwanamke ameshika buji, na mbele yake nyuso mbili zinazoonekana vizuri.